Ulawiti, asili na maumbile: jinsi maandiko yalivyotufikia

Gazeti la Kiswahili likiandika kwamba mtu amefikishwa mahakamani kwa kumlawiti mtoto, hakuna msomaji anayehitaji kufasiriwa neno hilo. Limezoeleka kiasi kwamba wachache hukumbuka kuwa ndani yake limekaa jina la nabii. Kulawiti kunatokana na neno la Kiarabu liwat, nalo liwat linatokana na Lut, yule yule ambaye Biblia humwita Lutu, mpwa wa Ibrahimu aliyehamia Sodoma. Lugha nyingi za Ulaya zililipa kosa hilo jina la mji ulioangamizwa; Kiarabu, na Kiswahili kwa kukifuata Kiarabu, kililipa jina la mtu aliyelikataza.

Jambo la kushangaza zaidi limo katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile ya Union Version ambayo bado inasomwa katika makanisa mengi. Katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 6, aya ya 9, Paulo anawataja watu wasioweza kuurithi ufalme wa Mungu, na miongoni mwao wamo "wafiraji" na "walawiti". Paulo aliandika kwa Kigiriki zaidi ya miaka 500 kabla ya Kurani kuteremshwa. Mkristo wa Dodoma au Nakuru anayeisoma aya hiyo anamsikia mtume wake akitumia neno lililozaliwa katika mapokeo ya Kiislamu, na pengine hajawahi kuambiwa.

Nimeanza na neno hili moja kwa sababu mjadala wetu kuhusu mapenzi ya jinsia moja hufunguliwa, na mara nyingi hufungwa, kwa kauli kwamba maandiko yako wazi. Sipendi kuwadanganya wasomaji kwa kusema kwamba maandiko hayana neno, kwa kuwa yanalo, na mapokeo makuu ya Uyahudi, Ukristo na Uislamu kwa karne nyingi yalikubaliana kukikataza kitendo chenyewe. Hata hivyo tunapotamka neno "maandiko" huwa tumeshika mkononi mambo matatu yaliyosokotwa kama kamba: aya zenyewe, hukumu walizozitoa wanazuoni na mababa wa kanisa juu ya aya hizo, na sheria ya dola iliyotujia kwa meli kutoka London. Asiyezitenganisha nyuzi hizo huisingizia dini jambo ambalo dini haikulisema, au huivua dini jambo ambalo imelisema kweli.

Tuanze na Sodoma yenyewe. Katika Mwanzo 19, wageni wawili wanaingia mjini jioni, Lutu anawasihi walale kwake, na kabla hawajalala wanaume wa mji, vijana kwa wazee, wanaizunguka nyumba na kudai watolewe "tupate kuwajua". Lutu anawatolea binti zake badala ya wageni. Anayesoma kwa utulivu ataona kwamba kinachotishiwa mlangoni ni ubakaji wa kundi dhidi ya watu waliokuwa chini ya ulinzi wa mwenyeji wao. Katika Waamuzi 19 kisa hicho kinarudiwa karibu neno kwa neno, mara hii Gibea, mji wa kabila la Benyamini: wanaume wa mji wanamdai mgeni Mlawi, naye anamtoa suria wake nje, wanamtendea jeuri usiku kucha, na alfajiri mwanamke huyo anaanguka mlangoni na mikono yake iko kizingitini. Vita vilivyofuata vilikaribia kulifuta kabila zima. Hata hivyo sijui lugha yoyote iliyochukua jina la Gibea ikalifanya kuwa jina la dhambi. Kwa nini mji mmoja ulituachia neno na mwingine haukutuachia ni swali linalostahili kuulizwa na kila anayehubiri juu ya Sodoma.

Manabii wenyewe waliikumbuka Sodoma kwa namna nyingi. Ezekieli, katika sura ya 16, anautaja uovu wake kuwa kiburi, shibe na raha ya watu waliokataa kuutia nguvu mkono wa maskini na mhitaji, ingawa aya inayofuata inaongeza kwamba walifanya machukizo mbele za Mungu. Isaya anawaita watawala wa Yerusalemu wakuu wa Sodoma kisha anawaambia wamtetee yatima na mjane. Yesu anaitaja Sodoma anapowazungumzia wenyeji watakaokataa kuwapokea wanafunzi wake. Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inasimulia ukatili wa Wasodoma kwa wageni na maskini, pamoja na kisa cha binti aliyepakwa asali na kuachwa aumwe na nyuki kwa sababu alimpa maskini chakula. Mkondo wa pili pia ni wa kale: Filo, Myahudi wa Iskandaria aliyeishi karne ya kwanza, aliieleza Sodoma kwa kutaja wanaume kuwatamani wanaume, na Waraka wa Yuda katika Agano Jipya unazungumzia uasherati na kuufuata "mwili wa namna nyingine". Katika dola ya Kirumi, sheria ya Kaisari Yustiniano ya mwaka 559 iliikumbusha dola nzima yaliyoipata Sodoma. Kwa hiyo anayesema kwamba Sodoma haihusiani kabisa na mapenzi ya wanaume amezidisha, sawa na anayesema kwamba haihusiani na jambo lingine lolote.

Katika Kurani hali ni tofauti, na inafaa tofauti hiyo isemwe kwa uaminifu. Kisa cha Lut kinarejewa katika sura nyingi, zikiwemo al-A'raf, Hud, ash-Shu'ara, an-Naml na al-Ankabut, na karaha ya kuwaendea wanaume kwa matamanio badala ya wanawake inatajwa waziwazi, jambo ambalo Mwanzo 19 haulisemi hivyo. Al-Ankabut, aya ya 29, inaongeza kwamba watu wale walikata njia na kufanya maovu hadharani katika mikutano yao. Wapo wasomi wachache wa zama hizi wanaoshika nyongeza hizo na kusema kwamba lawama ilikuwa juu ya jeuri, unyang'anyi na ukafiri wa watu waliomkataa nabii wao. Miongoni mwao alikuwa Muhsin Hendricks wa Afrika Kusini, imamu aliyepigwa risasi na kuuawa karibu na Gqeberha mnamo Februari 15, 2025. Wanazuoni walio wengi hawaikubali tafsiri hiyo, na kwa jinsi aya zilivyo naona ni vigumu kuikubali. Kumuua aliyeitoa, hata hivyo, si jibu la hoja yake.

Utata wenyewe unaanza mtu anapouliza swali la pili: hukumu ni ipi? Adhabu ya watu wa Lut katika Kurani ilishuka kutoka mbinguni. Hakuna aya inayomkabidhi kadhi kipimo cha adhabu kwa kitendo hicho, kama ilivyo viboko 100 vya zinaa katika Surat an-Nur. Aya ya 16 ya an-Nisa, ambayo baadhi ya wafasiri waliihusisha na jambo hili, inasema wawili watakaolitenda waudhiwe, na wakitubu na kutengenea waachwe. Hadithi ya Ibn Abbas inayoamuru kuuawa kwa mtenda na mtendwa imo katika vitabu vya Abu Dawud, Tirmidhi na Ibn Majah. Haimo katika vitabu vya Bukhari wala Muslim, vinavyoaminika zaidi, na wataalamu wa isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi wa hadithi, wameijadili tangu zamani.

Kwa sababu hiyo maimamu walitofautiana, tena kwa umbali mkubwa. Imamu Malik alisema wote wawili wapigwe mawe, wawe wameoa au hawajaoa. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu walio wengi katika pwani yetu, kauli mashuhuri huliweka jambo hili katika mizani ya zinaa. Abu Hanifa alikataa kulihesabu kama zinaa. Wanazuoni wa madhehebu yake walijenga hoja kwamba Masahaba wenyewe walihitilafiana juu ya adhabu yake, na lau ingekuwa zinaa wasingehitilafiana. Kwa hiyo halina hadi, yaani adhabu iliyokwisha kupangwa na sheria ya dini, bali lina taaziri tu, yaani adhabu anayoikadiria mtawala. Wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad ash-Shaybani, walimpinga mwalimu wao katika hili. Wote hao walikubaliana kwamba kitendo ni haramu. Tofauti yao ilikuwa juu ya kile ambacho binadamu ameruhusiwa kumfanyia binadamu mwenzake kwa sababu ya haramu hiyo.

Juu ya hukumu hizo lilisimama pia pazia la ushahidi ambalo siku hizi husahauliwa. Wale waliolihesabu jambo hili kama zinaa walitaka mashahidi wanne walioona kwa macho yao, na Kurani inaamuru kwamba anayewatuhumu wanawake watwaharifu pasipo kuleta mashahidi hao apigwe yeye viboko 80. Surat al-Hujurat inakataza dhana nyingi, kupelelezana na kusengenyana. Ninapoona picha ya kijana ikisambazwa kwenye simu pamoja na namba ya nyumba anayoishi, na wanaoisambaza wakijiita watetezi wa dini, najiuliza ni kadhi gani wa zamani, wa madhehebu yoyote, angekubali kuupokea ushahidi wa namna hiyo.

Tukirudi kwenye Biblia, aya zenye katazo la moja kwa moja ni chache. Mambo ya Walawi 18:22 inakataza mwanamume kulala na mwanamume kama alalavyo na mwanamke, na 20:13 inaweka adhabu ya kifo. Haya yamo katika mkusanyiko wa sheria za utakatifu uliowekwa ili Waisraeli wasifanane na Wamisri na Wakanaani, na sura hizo hizo zinakataza kumkaribia mke katika hedhi, zinaamuru kifo kwa wazinzi wote wawili, na zinaagiza mgeni apendwe kama mzalia wa nchi. Wanawake wenyewe kwa wenyewe hawatajwi. Marabi waliendelea kulitambua katazo lakini waliizungushia adhabu ya kifo masharti mengi kiasi kwamba Mishna, kitabu cha kale cha sheria za marabi, inaliita baraza la hukumu linaloua mtu mmoja katika miaka saba kuwa baraza la uangamizi, na rabi mmoja anasema hata mmoja katika miaka 70. Mkristo anayeichukua aya ya 20:13 na kuidai serikali yake iitekeleze anaidai jambo ambalo wenye kitabu hicho waliacha kulitenda zamani za kale.

Kwa Paulo tunarudi kwenye maneno. Katika 1 Wakorintho 6:9 Kigiriki kina maneno mawili, malakoi na arsenokoitai. La kwanza maana yake ni laini. Ndilo neno ambalo katika Mathayo 11:8 limefasiriwa "mavazi mororo", na kwa watu lilitumika kwa wasio na ukakamavu, kwa wapenda anasa, na kwa wanaume waliochukuliwa kama wanawake. La pili halionekani katika maandishi ya Kigiriki tunayoyajua kabla ya Paulo. Inaelekea liliundwa kutokana na tafsiri ya Kigiriki ya Walawi 20:13, ambamo maneno ya "mwanamume" na "kitanda" yanakaribiana, na hiyo ni hoja yenye nguvu ya wale wanaosema kwamba Paulo aliikusudia Torati. Wengine hujibu kwamba ulimwengu wa Korintho ulijaa mabwana waliowatumia watumwa na wavulana kwa matamanio yao, na kwamba huko ndiko jicho la Paulo lilikotazama. Wafasiri wa Union Version walitumia "walawiti" kwa arsenokoitai mahali hapo, lakini katika 1 Timotheo 1:10 neno hilo hilo la Kigiriki wakalifasiri "wafiraji". Kusitasita huko hakukuwapata wao peke yao: tafsiri moja ya Kiingereza ya mwaka 1946 iliyaunganisha maneno yote mawili kuwa neno moja lililobuniwa kwa Kijerumani mwaka 1869, la kumtaja mtu mwenye kuvutiwa na jinsia yake, kisha mwaka 1971 wafasiri wenyewe wakaliondoa.

Maandishi mazito zaidi ni ya Warumi 1:26-27, ambapo Paulo anasema wanawake walibadili matumizi ya asili kwa matumizi yasiyo ya asili, na wanaume vivyo hivyo wakawakiana tamaa. Hapa hakuna ubakaji wala mgeni mlangoni, na sioni njia ya haki ya kuligeuza hili kuwa sifa. Kuna mambo mawili, hata hivyo, ambayo msomaji wa Kiswahili anaweza kuyaona mwenyewe. La kwanza ni kwamba sura ziligawanywa katika karne ya 13, Paulo hakuishia pale tunapoishia sisi, bali baada ya aya chache tu anamgeukia msikilizaji aliyekuwa akiitikia kwa furaha na kumwambia: "Kwa hiyo, wewe mtu uwaye yote uhukumuye, huna udhuru." La pili ni kwamba neno la Kigiriki lililotafsiriwa kuwa lisilo la asili linarudi katika sura ya 11, pale Mungu mwenyewe anapochukua tawi la mzeituni mwitu na kulipandikiza katika mzeituni mwema "kinyume cha asili". Kwa Paulo, basi, kwenda kinyume cha asili si sawa moja kwa moja na kuwa mwovu. Inabidi kutazama ni nani anayetenda, na kwa ajili gani.

Kutoka kwenye asili tunafika kwenye maumbile, na hapa ndipo kamba inapofumwa kwa uzi usiokuwa wa Biblia wala wa Kurani. Maneno "kinyume cha maumbile", ambayo polisi, mahakimu na waandishi wa habari wa Kiswahili huyatumia kila siku, ni tafsiri ya lugha ya kifungu cha 377 cha kanuni ya adhabu ambayo Waingereza waliitungia India mwaka 1860. Nyuma yake ipo sheria ya Mfalme Henry wa Nane ya mwaka 1533, iliyoihamisha kesi hiyo kutoka mahakama za kanisa hadi za mfalme. Sheria za India zililetwa Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, na zilipobadilishwa kwa kanuni mpya za kikoloni miaka ya 1930, maneno yale yalibaki. Ndiyo yaliyomo katika kifungu cha 162 cha Kenya, chenye adhabu ya miaka 14, na kifungu cha 154 cha Tanzania, ambacho tangu marekebisho ya mwaka 1998 adhabu yake ni kuanzia miaka 30 hadi kifungo cha maisha. Linganisha: mwaka 1858, miaka miwili kabla ya ile ya India, dola ya Uthmania, ambayo sultani wake alijiita khalifa wa Waislamu, ilitunga kanuni ya adhabu kwa kufuata mfano wa Ufaransa, na haikuwa na kifungu cha namna hiyo.

Mtu anaweza kuzipenda sheria hizi au kuzichukia. Lakini akisema kwamba kuziondoa ni kufuta neno la Mungu, inafaa ajue kwamba anaitetea kazi ya wanasheria wa malkia. Mahakama Kuu ya Kenya ilipokataa ombi la kuvibatilisha vifungu vyake, Mei 24, 2019, ilijenga hoja yake juu ya katiba, hasa ibara ya 45 kuhusu ndoa, na huo ndio uwanja halali wa mahakama. Uganda ilipotunga sheria yake ya mwaka 2023, yenye adhabu ya kifo kwa makosa fulani, wabunge wengi walizungumza kama wahubiri. Lakini Papa Fransisko alikuwa amesema Januari mwaka huo huo kwamba kuwa na mwelekeo huo si jinai, na Februari, akirudi kutoka Sudan Kusini pamoja na Justin Welby, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, na kiongozi wa Kanisa la Scotland, wote watatu walipinga kuwafunga watu kwa sababu hiyo. Hakuna kati yao aliyesema katika ndege ile kwamba mafundisho ya kanisa lake yamebadilika.

Makanisa yetu yenyewe yana maneno ambayo hunukuliwa nusu. Azimio la maaskofu wa Kianglikana katika Mkutano wa Lambeth wa mwaka 1998, lililopita kwa kura 526 dhidi ya 70 kwa nguvu ya maaskofu wa Afrika, lilisema matendo hayo hayapatani na Maandiko, na azimio hilo hilo liliwaahidi watu wenye mwelekeo huo kusikilizwa, na likalaani woga usio na sababu dhidi yao. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inavikataa vitendo na papo hapo inaagiza wahusika wapokewe kwa heshima na huruma, bila kubaguliwa isivyo haki. Vatikani ilipotoa tamko la kuruhusu baraka kwa wapenzi wa jinsia moja mnamo Desemba 18, 2023, maaskofu wa Afrika chini ya Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa walikataa baraka hizo mwezi mmoja baadaye. Ila walisisitiza kwamba watu wenye mwelekeo huo watendewe kwa heshima na utu. Nimesikia mimbari nyingi zikiusoma upande wa kwanza wa hati hizi. Upande wa pili nimeusikia mara chache mno, nao unaumiza kwa ukimya wake, kwa sababu watu wanaozungumziwa huwa wameketi katika viti vile vile.

Kuchanganya maneno huku kuna majeruhi mwingine ambaye hajafanya kosa lolote. Kwa kuwa kitenzi kulawiti kinambeba mtu mzima anayembaka mtoto wa miaka tisa na pia watu wazima wawili waliokubaliana, mtoto aliyeumizwa anarudi nyumbani akiwa na jina lile lile la aibu, na wazazi wengine huficha kesi wakiogopa mwanao ataitwa shoga. Neno shoga lenyewe, ambalo bado wanawake wa pwani huitana kwa upendo, halikustahili kubebeshwa mzigo huo. Kisa cha Sodoma kina kundi la watu wenye nguvu na wageni wasio na mtetezi. Aliye karibu zaidi na wageni wale, katika habari za magazeti yetu, ni mtoto huyo.

Na 1 Timotheo 1:10, aya ambamo Union Version ilitumia neno "wafiraji", haiishii kwenye neno hilo. Neno linalofuata mara moja ni "waibao watu", yaani wafanyabiashara wa watumwa. Askofu Edward Steere, ambaye kazi yake ya tafsiri ilizaa Biblia kamili ya Kiswahili cha Unguja iliyotoka mwaka 1891, alijenga kanisa lake Mkunazini mahali lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Madhabahu yake imesimama pale ulipokuwa mti wa kuwafungia watu na kuwachapa. Hapo maneno yote mawili yalisomwa kwa sauti moja, na wengi wa waliosikiliza walijua kwa ngozi yao maana ya lile la pili.